"Ni uzee tu" si jibu: muulize mzee ameacha kufanya nini

Mwezi uliopita nilikwenda Nakwa, hapa Babati, kumwona bibi yangu. Nilimkuta kivulini anachambua mbaazi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza magoti yanaendeleaje.

"Ah, mjukuu wangu, ni uzee tu."

Ndilo jibu analonipa kila nikimpigia simu. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika habari za afya, nimekuwa nikilipokea na kukata simu. Safari hii nilikaa siku tatu, nikaona ambayo simu haikuwahi kunionyesha.

Jumapili hakwenda kanisani. Bustani yake ya mboga ilikuwa imejaa majani. Na kila ilipofika saa kumi jioni, hakugusa tena chai wala maji. Nilipombana sana, akaniambia kwa sauti ya chini: choo chetu ni cha kuchuchumaa. Magoti hayakunji, na akishachuchumaa kuinuka ni kazi. Usiku anaogopa kuanguka. Kwa hiyo ameamua kunywa kidogo ili asiende.

Kwenye mkoba wake nikakuta pakiti ya diklofenaki. Alikuwa anameza vidonge viwili kila siku kwa miezi kadhaa, pamoja na dawa zake za presha. Duka la dawa aliambiwa zinasaidia maumivu. Ni kweli zinasaidia, ila hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine.

Mzazi mwenzangu, unganisha mambo hayo matatu. Diklofenaki na dawa za jamii yake, kama ibuprofeni, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, hupandisha presha na huweza kuchubua tumbo hadi likavuja damu. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile zinazoongeza mkojo, zikikutana nazo huongeza mzigo huo. Ongeza mwili usiopata maji ya kutosha, na figo za mzee zinaweza kuumia bila yeye kusikia maumivu yoyote ya figo.

Tulimpeleka hospitali hapa mjini. Kipimo cha damu kilionyesha figo zimeanza kulegea. Daktari alisimamisha vidonge vile, akampa parasetamo na dawa ya kupaka magotini, akatuambia turudi kupima tena mwezi ujao. Tunasubiri.

Ugonjwa wenyewe una jina

Maumivu ya bibi si "uzee". Ni ugonjwa wa kulika kwa viungo, ambao madaktari huuita ostioathraitisi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi nao, na asilimia 60 kati yao ni wanawake. Goti ndilo linaloathirika zaidi. Umri mkubwa, uzito uliozidi, kuumia zamani na miaka mingi ya kazi ngumu ya kuinama na kubeba mizigo huchangia.

Hauponi, lakini unatulizwa. Na dawa yake kubwa haimo kwenye pakiti, ni mazoezi. Msuli wa paja ndio unaolisaidia goti kubeba mwili. Mzee akikaa tu kwa sababu goti linauma, msuli husinyaa, goti hubaki peke yake na maumivu huongezeka.

Mambo ya kufanya nyumbani

Mkalishe mzee kwenye kiti imara. Anyooshe mguu mmoja mbele, auzuie hapo kwa sekunde tano, aushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Akizoea, afanye zoezi la kusimama na kukaa kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Maumivu kidogo si hatari. Yakizidi na kudumu hadi kesho yake, apunguze idadi.

Kama goti moja linauma zaidi, mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa pili, si upande wa goti bovu. Wengi wetu tunakosea hapo.

Choo tulikitatua kwa fundi seremala. Alichukua kiti cha zamani cha mbao, akakitoboa katikati na kukaza miguu yake, kikawekwa juu ya tundu. Ukutani akapigilia mbao ya kushikia.

Unaweza pia kumpima kwa simu yako. Mzee akae kitini, asimame, atembee mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kukaa. Kama ana mkongojo, autumie. Kaa karibu naye asianguke. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka na anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Mpeleke hospitali bila kuchelewa iwapo goti limevimba ghafla na lina joto, ana homa, anakonda bila sababu, au mguu umekufa ganzi na mkojo unamtoka bila kujijua. Beba dawa zake zote, hata za kienyeji. Na kumbuka, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza ana haki ya msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Ulizia kitambulisho chake ofisi ya mtaa au kijiji.

Wazee wetu hawapendi kuonekana mzigo. Ukimuuliza kama anaumwa, atakuambia hajambo. Leo jioni ukipiga simu, uliza tofauti: "Siku hizi umeacha kufanya nini? Ibada uliendaje? Usiku unaendaje chooni? Leo umekunywa maji mara ngapi?"

Mimi nilimpigia bibi juzi. Alikuwa amekwenda kanisani kwa bajaji, na amekunywa chai ya jioni. Kile kiti cha chooni amekipa jina. Anakiita kiti cha enzi.

Tukutane wiki ijayo.