Kurudia Bila Kukumbuka ni Hatari

Wanafunzi wengi wakisikia kwamba ujumbe hupotea njiani baina ya kompyuta na kompyuta, huona dawa yake kuwa nyepesi: utumwe tena. Dawa hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya tiba. Historia ya NFS yathibitisha hayo. Hiyo ni itifaki iliyotolewa mwaka 1985 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, ili kompyuta moja iweze kutumia mafaili yaliyohifadhiwa katika nyingine.

Hapo awali maombi ya NFS yalisafirishwa kwa UDP, njia isiyotoa ahadi kwamba kila kifurushi kitafika. Kompyuta iliyoomba ilingoja jibu kwa muda maalumu. Muda ukipita, ilituma ombi lile lile tena. Seva nayo ilibuniwa isiweke kumbukumbu za wateja wake, ili ikizimika na kuwashwa tena iendelee na kazi bila matata.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha seva kina maana mbili: huenda ombi halikufika, au kazi imekwisha kufanywa na jibu ndilo lililopotea. Mwombaji hana njia ya kuzitofautisha. Ombi la kusoma likirudiwa, hapana madhara. Lakini ombi la kufuta faili likirudiwa, seva hujibu kwamba faili halipo, na mtu huambiwa kuwa kazi imeshindikana ilhali imefanyika.

Baya zaidi ni nakala iliyochelewa. Mwalimu aandikapo upya faili la alama, kompyuta yake huagiza kwanza faili lifanywe tupu. Jibu likikawia, agizo hurudiwa. Mara jibu la kwanza lafika, na alama mpya zaandikwa. Kisha seva yatekeleza agizo la pili, na alama zote zatoweka bila onyo.

Mwaka 1989 Chet Juszczak alieleza tiba yake: kwa kuwa kila ombi lina namba, seva ikumbuke maombi ya karibuni, ili lililorudiwa lisitekelezwe mara ya pili. Toleo la 4.1, lililochapishwa mwaka 2010, liliiingiza kumbukumbu hiyo katika itifaki yenyewe: mwombaji aweza kuitaka seva ihifadhi jibu mpaka itakapopokea ombi lenye namba inayofuata.

Watakuwapo wanaodai kwamba kumbukumbu huongeza mzigo wa seva. Ni kweli, lakini kuepuka kufanya kazi moja mara mbili nako ni nafuu, na hakuna kasi iwezayo kufidia alama zilizopotea.

Kwa hiyo somo la mawasiliano ya kompyuta lisiishie kwenye kutuma tena. Yafaa mwanafunzi aulizwe kila mara: mpokeaji akilipata ombi hili mara mbili, kutatokea nini? Swali hilo halihitaji mtambo wowote; ubao na chaki vyatosha.