Dakika ishirini za kwenda Pemba

Wifi yangu, mke wa kaka, anaishi Pongwe, Tanga. Mama yake mzazi yuko Konde, kaskazini ya Pemba. Mama alipougua, kaka zake walimpigia simu: "Ndege dakika ishirini tu, unashindwa kuja kumwona mama?" Neno hilo lilimchoma, akazima simu. Wiki mbili wakawa hawasemezani, na mgonjwa yuko kitandani.

Siku moja nilikaa naye barazani tukapiga hesabu. Kutoka uwanja wa ndege wa Tanga hadi wa Pemba, kwa mstari ulionyooka juu ya bahari, ni kilomita kama 84. Ndege ndogo ya abiria 12 au 13, ikishatulia angani, huenda kilomita 300 hivi kwa saa. Hizo ni dakika 17. Ongeza za kupaa na kutua, unapata ishirini na ushei. Kwa hiyo shemeji zetu hawakusema uongo.

Ila walihesabu kuanzia angani. Wifi anaanzia mlangoni kwake. Kuna daladala ya Pongwe hadi mjini, kuna kuwahi uwanjani saa nzima kabla, kuna kupimwa begi, na kwenye ndege hizi hata abiria hupandishwa mizanini. Akishuka Pemba yuko nje kidogo ya Chake Chake, na Konde bado ni safari nyingine ya gari kuelekea kaskazini. Nusu siku imekwisha, na hapo ndege haikuchelewa.

Tena hiyo ni akipata ndege ya moja kwa moja. Ikiwa nafasi iliyopo ni ya kupitia Unguja, Tanga hadi Unguja ni kilomita kama 126, na Unguja hadi Pemba 125 nyingine. Jumla ni mara tatu ya ile njia ya mkato, bado kusubiri katikati. Ukiikosa ya pili, unalala mjini kwa gharama yako.

Nilidhani nikimaliza hesabu atafurahi kwamba nimemtetea. Akanyamaza. Nikamwambia, "Wifi, hesabu hii inawajibu kaka zako, haimjibu mama." Maana ukweli ni kwamba alikuwa hajakanyaga Konde mwaka wa pili, na hasira ya simu ilikuwa imempa pa kujificha.

Jioni ile aliwapigia mwenyewe. Hakugombana, aliwauliza tu: nani atanipokea Chake, na nauli tunachangiaje? Kumbe hakuna aliyewahi kufikiria nauli. Wakatuma nusu. Ofisi ya tiketi naye akaiuliza mapema: inakwenda moja kwa moja? Begi mwisho kilo ngapi? Akaambiwa 15.

Alhamisi alitoka Pongwe saa moja asubuhi. Adhuhuri inaadhiniwa, simu yangu ikalia: amefika, mama ameinuka, anakunywa uji. Nyuma yake nikamsikia mgonjwa mwenyewe, sauti ndogo lakini ya kudai, akiuliza machungwa ya Muheza yako wapi.

Yalibaki Tanga, kwenye mizani. Begi lilizidi kilo nne.