SAFARI YA MIKUMI: MAMA NAYE AENDE KUONA

 

Mwanamke afanyaye biashara Kariakoo hushika simba kila siku. Yupo kwenye noti ya shilingi 2,000. Kwenye noti ya 5,000 yupo kifaru, na kwenye ya 10,000 yupo tembo. Lakini waulizeni akina mama wa mitaa ya Sikukuu, Mchikichini na Gerezani ni wangapi wamepata kumwona simba mwenyewe porini. Wengi watacheka na kusema hayo ni mambo ya Wazungu.

Sivyo, wapendwa. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko kiasi cha kilomita 283 tu kutoka Dar es Salaam, na barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati yake. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Humo wamo tembo, twiga, nyati, pundamilia, nyumbu, viboko na simba. Kwa hiyo mwezi huu tumeona tuzungumze jinsi kikundi cha akina mama wa kanisa, au familia moja, inavyoweza kujipanga kwenda huko.

Lakini kuna jambo moja tunalotaka lisemwe wazi kabla ya mengine. Safari nyingi za familia mama huenda kama mpishi. Huamka saa tisa usiku kukaanga maandazi, hubeba mtoto njia nzima, hufuta matapishi, hugawa chakula, na simba anapoonekana yeye anatafuta kiatu cha mtoto chini ya kiti. Hurudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka, na kesho yake anarudi kwenye biashara. Tunamkumbuka Martha, aliyehangaika jikoni wakati Mariamu ameketi kusikiliza. Basi kila mpango tutakaoutaja hapa tuupime kwa swali moja: je, mama naye ataona?

Wakati wa kwenda

Msimu mzuri ni wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Nyasi huwa zimepungua na wanyama hukusanyika kwenye maji, hasa upande wa uwanda wa Mkata. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, baadhi ya njia za ndani hujaa matope na magari hukwama. Likizo ya shule ya katikati ya mwaka huangukia vizuri katika kiangazi. Kikundi kinachotaka kwenda Juni kianze maandalizi Agosti ya mwaka unaotangulia.

Fedha

Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Nasi tukae tuhesabu. Andikeni usafiri, kiingilio cha hifadhi, gari la kuzungukia, chakula, malazi kama mtalala, na akiba ya dharura. Tuseme, kwa mfano tu, mmeona kila mtu anahitaji shilingi 120,000. Kwa miezi kumi hiyo ni shilingi 12,000 kwa mwezi, yaani shilingi 400 kwa siku. Mama mwenye genge anaweza kuiweka kwenye kibubu bila nyumba kuyumba.

Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni kutoka nje. Bei hubadilika, basi ulizeni ofisi za TANAPA kabla ya kupanga, na mwulize pia namna ya kulipa, kwani malipo hufanywa kwa benki au kwa simu. Chukueni vitambulisho vya taifa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Ada za shule, bima ya afya na chakula cha nyumbani vitangulie. Kama havijatimia, safari isubiri mwaka mwingine, Mikumi haihami. Wala mtu asichukue mkopo wa kausha damu ili aende kuona tembo. Atakayefika mlangoni siku ya marejesho ni mkali kuliko simba.

Tena, asiachwe mjane wala mama anayelea watoto peke yake. Mweka hazina atenge sehemu ndogo ya michango, na anayesaidiwa asitajwe kikundini. Wanaojua wawe wawili tu, yeye na mwenyekiti.

Mazungumzo na baba watoto

Mwenye mume azungumze naye mapema, siyo wiki ya safari. Mweleze mnakwenda wapi, na nani, kwa fedha gani, na mnarudi lini. Kama ni safari ya akina mama peke yao, baba apewe kazi yake kamili: nani anaamka saa ngapi, nani anakunywa dawa gani, chakula kiko wapi. Akina baba wengi huweza kazi hii vizuri kuliko tunavyowadhania, ila hawajawahi kuachiwa.

Kugawa kazi

Hapa ndipo mama anapopona au anapoumia. Kikundi kichague watu watatu. Mmoja ashughulike na dereva na muda, mmoja na chakula, mmoja na sanduku la dawa. Wengine wawe abiria. Mkienda kwa siku mbili, kazi hizo zihamie kwa wengine siku ya pili.

Chakula kiwe chepesi na kikavu: chapati, viazi vya kuchemsha, karanga, ndizi, machungwa. Pilau iliyofungwa kwenye chombo cha moto tangu usiku na kuliwa saa nane mchana ni karamu ya vijidudu, na tumbo la kuhara ndani ya gari mahali ambapo hakuna ruhusa ya kushuka ni mateso. Chakula cha moto agizeni kwa mama lishe wa Morogoro au mji wa Mikumi. Fedha hiyo haipotei, kwa sababu inamnunulia mama usingizi wa usiku ule. Msifungashe kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Vikapu vya ukili vinatosha.

Kuhusu watoto, tuseme ukweli. Anayenyonya aende na mama yake. Mwenye miaka miwili au mitatu hufurahia nusu saa, kisha hulia siku nzima. Akiwepo bibi au shangazi wa kuaminika, abaki. Kuanzia miaka saba hivi mtoto hukumbuka alichoona, na huyo tumchukue.

Usafiri

Mnaweza kukodi basi dogo kutoka Dar es Salaam. Njia nyingine ni treni ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 hubeba abiria hadi Morogoro kwa muda wa saa mbili hivi, na stesheni yake haiko mbali na Kariakoo. Kutoka Morogoro hubaki zaidi ya kilomita mia moja kwa gari. Kwa vyovyote, kila kiti kiwe na mkanda, dereva awe amelala usiku uliotangulia, na msirudi Dar es Salaam usiku. Ndani ya hifadhi mwendo umewekewa kikomo, na anayemgonga mnyama hutozwa faini.

Afya njiani

Wanawake wengi hukataa kunywa maji safarini ili wasihitaji choo. Wauguzi tunayaona matokeo yake wodini: kichwa kuuma, kizunguzungu, na mkojo wenye maumivu siku mbili baadaye. Kunyweni maji kidogo kidogo, na dereva akubali tangu mwanzo kusimama Chalinze, Morogoro na langoni.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu aweke dawa kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye mzigo ulio juu ya gari. Ale kwa saa zake. Insulini isiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani.

Mjamzito aulize kliniki yake kwanza, na abebe kadi. Katika miezi ya mwisho njia za mashimo hazimfai. Kila mnaposimama ashuke atembee kidogo, kwani kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu huweza kugandisha damu.

Mtoto mwenye selimundu asiachwe nyumbani kwa woga tu. Daktari wake akiridhika, aende. Anywe maji mengi, asikose dawa zake za kila siku, na avikwe sweta, maana alfajiri za Juni na Julai zina baridi na gari la kuzungukia huwa wazi juu. Akipata homa au maumivu makali, safari imekwisha kwake. Apelekwe hospitali mara moja. Kwa hiyo mjue kabla ya kuondoka hospitali ya karibu iko wapi.

Anayetapika safarini akae mbele, aangalie mbali, asijaze tumbo. Dawa ya kuzuia amuulize mfamasia, hasa kwa mtoto na mjamzito.

Katika mapori kuna mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo. Huuma kwa uchungu, na baadhi yao huweza kubeba malale. Hupenda rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, basi sare yenu ya kitenge isiwe ya rangi hizo. Vaeni mikono mirefu, rangi ya udongo au kijani hafifu.

Mkilala huko, laleni ndani ya chandarua. Katikati ya jiji tumezoea malaria kuwa imepungua, lakini si kila mahali. Homa ikija wiki moja au zaidi baada ya kurudi, kapimweni, na mwambieni mganga kwamba mlitoka Mikumi. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna na homa ikaendelea, rudini mseme tena habari ya mbung'o.

Ndani ya hifadhi

Geti hufunguliwa alfajiri. Ingieni mapema, maana jua likipanda simba hujilaza kivulini. Msishuke ila mahali palipoonyeshwa, msipige kelele, msiwape nyani chakula. Kila saa moja badilishaneni viti, na aliyebeba mtoto apokelewe na mwenzake. Bila hivyo, wa dirishani ndiye atakayeona, naye aghalabu siyo mama.

Wala msidai simba kama mtu aliyelipia. Huko India watu husafiri mbali kumtafuta chuimilia, mnyama asiyekuwepo katika mapori yetu, ambaye serikali yao ilianzisha mpango wa kumlinda mwaka 1973. Katika hifadhi kama Ranthambore magari huingia kwa zamu, asubuhi na alasiri, kwa nafasi zilizoandikishwa mapema, na bado wako wanaorudi bila kumwona. Mnyama wa porini hana ahadi na mtu. Katika kitabu cha Ayubu Mungu mwenyewe anamwonyesha mtumishi wake wanyama wasiofugika, ili ajue kwamba dunia haiendeshwi na mikono yake. Kwa mama anayedhani nyumba itaanguka akikaa chini dakika kumi, hilo ni somo la faraja.

Wapendwa, Bwana aliwaambia wanafunzi wake waende mahali pasipo na watu wapumzike kidogo, na walikuwa na kazi nyingi kuliko zetu. Anzeni kikao Jumapili hii baada ya ibada. Chagueni mwezi, fungueni kibubu, na andikeni jina la mjane wa kwanza kabla ya jina la mwenyekiti.

Bwana awatangulie njiani. Mpaka mwezi ujao, kaeni salama.