TAARIFA YA TAWI, SAN DIEGO: Hesabu ya ada za ujenzi isipite kimyakimya



Hapa California, nyumba mpya ikijengwa, wilaya ya shule humtoza mjenzi ada. Mwaka 2024 kiwango cha juu cha kawaida kilipangwa dola 5.17 kwa futi moja ya mraba. Ni hela za madarasa ya wanafunzi wanaoongezeka, si za ukarabati wa kila siku.

Sheria inataka hesabu itolewe hadharani ndani ya siku 180 baada ya Juni 30. Bodi nyingi huipitisha kwa mkupuo na mambo mengine, bila swali. Huo si usimamizi.

Tunataka ijadiliwe peke yake. Zimeingia ngapi? Zimejenga nini? Zilizolala miaka 5 zinangoja nini?

Njooni kikaoni. Si lazima uwe raia, na anayetumia mkalimani hupewa muda mara mbili.