Nuru, Mtumishi Aliyegeuka Mwenye Nyumba

Wako wasemao kuwa kazi ya mchora mandhari ni miti na maji tu. Mimi siafikiani nao. Zamani huko Ulaya nuru ilikuwa mtumishi, kazi yake kuonyesha mlima au jumba. Katika karne ya 17 Claude Lorrain alilichora jua lenyewe likiwaka juu ya bandari. Mwaka 1844 Turner, Mwingereza, alionyesha gari la moshi karibu limezwe na mvua na nuru. Mwaka 1874, mjini Paris, Monet alipoonyesha picha ya macheo katika bandari ya Le Havre, mwandishi mmoja wa gazeti aliidhihaki kuwa haikukamilika. Kumbe nuru ndiyo iliyokuwa habari yenyewe! Basi, ndugu wasomaji, tutazame kwanza. Kucheka hakuna haraka.