Je, umeuliza mlango wa kutokea?

MWEZI uliopita binti wa kaka yangu, aliyekuwa akijiandaa kujiunga na chuo kikuu, alinijia nyumbani na swali ambalo huenda hata wewe limekusumbua. "Shangazi, ninunue iPhone au simu ya Android?" Pesa alizokuwa nazo babake alizikopa katika chama cha akiba na mikopo, na zilipaswa kutosha simu na kompyuta, basi. Badala ya kumjibu nikamuuliza: "Na siku ukitaka kuhama, utatokaje?"

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

Hebu tuelewane. iPhone ni nyumba ya mwenye nyumba mmoja. Apple huunda simu pamoja na mfumo wake, na tangu Julai 2008 programu hupatikana katika duka lake zikishakaguliwa. Usalama huo si wa kudharauliwa. Ningekuwa namnunulia mzazi mzee asiyejua kukataa anachoambiwa abonyeze, ningefikiria mara mbili. Lakini funguo anazo mwenye nyumba. Programu uliyoinunua humo haikufuati ukihamia Android, utailipia upya. Huko Ulaya ilibidi sheria iingilie kati, na Machi 2024 Apple ikaruhusu maduka mengine ya programu katika nchi za Umoja wa Ulaya. Sheria hiyo haifiki Nairobi.

Usidhani basi kuwa Android ni uwanja usio na ua. Msingi wake Google huutoa bure, ndiyo maana waundaji ni wengi na bei ni za kila mfuko. Hata hivyo, duka la Play na ramani ni mali ya Google. Huawei wanajua: baada ya vikwazo vya Marekani vya 2019, simu zao mpya zilitoka bila huduma hizo. Tena uhuru wa kuweka programu kutoka popote ndio upenyo wa wezi. Faili uliyotumiwa na usiyemjua inaweza kusoma jumbe zako za benki. Na simu nyingi za bei ya chini huachwa mapema bila marekebisho ya usalama. Muulize muuzaji yataendelea kuja kwa miaka mingapi. Akibabaika, nenda duka jingine.

Kwenye kompyuta ndiko tulikookoa pesa. Kaka alikuwa na kipakatalishi cha zamani chenye Windows 10, ambayo Microsoft ilikomesha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kilikataa katakata. Fundi mmoja alishauri kiuzwe kama vyuma vikuukuu. Sisi tukaweka Linux, mfumo ulioanzishwa 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki, pamoja na LibreOffice ya kuandikia. Vyote bure, na faili zake hufunguka hata kwenye Windows, kwa hiyo akihama hatahama mikono mitupu. Lakini kwanza nilimtuma akaulize idarani kwao kama kuna programu ya masomo inayodai Windows, maana zipo, na ukikosea hapo utalia. Hakukuwa na yoyote.

Basi akanunua Android ya bei ya wastani, na pesa zilizosalia zikarudi kwa babake kupunguza deni. Jana usiku akapiga simu: printa ya jirani imekataa kuitambua Linux yake. Leo baada ya chakula cha mchana naenda huko na kebo.