Wakanda wamepata katuni. Na Pumzi je?

Leo naweka msimbo kando kidogo tuzungumze katuni, na wewe unayesema katuni ni za watoto, vuta kiti ukae karibu zaidi.

Tarehe 1 Agosti 2025 Disney+ walitoa Eyes of Wakanda, mfululizo wa katuni wa vipindi vinne uliozaliwa na ulimwengu wa Black Panther, ile filamu ya 2018 iliyofanya watu wazima wavae vitenge kwenda sinema. Aliyeubuni ni Todd Harris, mmoja wa wasanii waliochora mpangilio wa picha za filamu yenyewe. Hadithi inawafuata majasusi wa Wakanda wanaotumwa huku na huko duniani kurudisha vifaa vya vibranium vilivyoibwa. Kipindi cha kwanza kiko Krete, cha pili Troy, cha tatu China mwaka 1400, na cha nne Ethiopia mwaka 1896, mwaka wa vita vya Adwa.

Nimeitazama yote. (Niliitazamia wapi? Subiri, tutafika huko.) Michoro ni mizuri mno, utadhani kuna mtu amekaa na brashi akapaka kila picha kwa mkono. Na kuna jambo moja walilofanya sawasawa: hawakurudia filamu. Hawakumchukua T'Challa wakamchora upya akipigana na Killmonger kwa mara ya pili. Walichukua ulimwengu wake, wakamwacha shujaa nyumbani.

Hiyo ndiyo siri ya katuni zinazotokana na sinema za kisayansi. Men in Black ilitoka kwenye kumbi mwaka 1997, na mwaka huo huo katuni yake ikaanza, ikaenda hadi 2001. Sinema ilikuwa na saa moja na nusu tu ya kutuonyesha ofisi ile ya ajabu inayosimamia wageni kutoka sayari nyingine. Katuni ikapata nafasi ya kuzunguka kila chumba. Godzilla ya 1998 ilipondwa na karibu kila mhakiki, lakini katuni yake ya 1998 hadi 2000 ina mashabiki hadi leo wanaokuambia bila aibu kwamba inaishinda filamu. Filamu hujenga nyumba, katuni huhamia humo na kuanza kupika.

Malalamiko yangu kwa Eyes of Wakanda ni madogo na makubwa. Dogo ni hili: unaipeleka Wakanda China mwaka 1400 na hupitii pwani yetu? Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga. Twiga mzima, kwenye jahazi, kuvuka bahari! Hapo una kipindi ambacho hakihitaji hata vibranium.

Kubwa ni kwamba hadithi inayosemekana kutokea maeneo yetu (ramani za Marvel zimewahi kuiweka Wakanda karibu na Ziwa Turkana, nyingine karibu na Ziwa Victoria) haikuuzwa maeneo yetu. Disney+ ilifunguliwa Afrika Kusini Mei 2022. Julai 2023 wakatoa Kizazi Moto, filamu fupi kumi za katuni kutoka nchi sita za Afrika, zikiwa na jina la Kiswahili kabisa. Ndani yake kuna Enkai ya Ng'endo Mukii, Mkenya, na Herderboy ya Raymond Malinga wa Kampala. Na siku ilipotoka, Mkenya na Mganda hawakuwa na njia ya kujiandikisha wakiwa kwao. Eyes of Wakanda ilipokuja miaka miwili baadaye, hali ilikuwa ile ile.

Kwa wanaojiuliza mlango huu hufungwaje, ni rahisi mno. Ukifungua tovuti, ombi lako linakwenda na anwani ya IP. Anwani hizi hugawiwa kwa mafungu, na kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC walioko Mauritius. Kila fungu limeandikwa ni la kampuni gani na la nchi gani. Seva inatazama jedwali lake, ikikuta KE, inakutolea ukurasa wa pole. Ni mistari mitatu ya msimbo, naweza kuiandika nikiwa nimesimama kwenye matatu ya Umoja huku kondakta akinidai nauli. Ukitumia VPN, ombi linaonekana limetoka Johannesburg, lakini ukifika kulipa, tarakimu za mwanzo za kadi yako zinataja benki iliyoitoa, na benki hiyo iko Nairobi. Umeshikwa tena.

Kwa hiyo watu wa huku Eastlands wanafanya walichofanya siku zote. Unakwenda duka la muvi pale stejini na flashi yako, unatoa shilingi 50, kijana anakujazia. Sisifu wala sikemei. Nasema tu kwamba mtu yule ana wateja, ana bei inayolipika, na anapokea M-Pesa. Kampuni yenye mabilioni imeshindwa na vitu vitatu ambavyo kijana mwenye kompyuta moja na feni anaviweza.

Sasa tuje kwa letu. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu, Mkenya, alitengeneza Pumzi. Ni filamu ya dakika 21 hivi. Imepita miaka 35 tangu vita vikuu vya tatu, vita vya maji. Watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jamii inaitwa Maitu (kwa Kikuyu, mama). Umeme unazalishwa kwa watu kukimbia kwenye mashine, jasho na mkojo vinachujwa kuwa maji ya kunywa, na ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, anayetunza makumbusho ya viumbe vilivyotoweka, anatumiwa udongo ulio hai, anapanda mbegu ndani yake, na anaomba ruhusa ya kutoka nje. Ananyimwa. Anatoka. Mwaka 2010 ilionyeshwa Sundance.

Dakika 21, basi. Tangu hapo tunaizungumzia kwenye makongamano.

Mimi naishi mtaa ambao maji ya mfereji yanakuja kwa ratiba, na ratiba yenyewe ina mzaha. Siku yakikosekana, mkokoteni wa mitungi unapita asubuhi na bei inapanda kadiri jua linavyopanda. Najua majirani wanaofulia maji, kisha wanaosha nyumba kwa maji yale yale, kisha yanamalizikia chooni. Ukimwonyesha mtu wa Kayole sehemu ile ya Asha kuweka jasho lake kwenye chupa, hatauliza maana yake. Atauliza chupa inauzwa ngapi. Wakanda ni nchi ambayo haikuwahi kukosa kitu, na inapendeza kuiota. Maitu tunaijua kwa harufu.

Ndiyo sababu nasema Pumzi iwe mfululizo wa katuni, kwa ruhusa na mkono wa mwenyewe, bila shaka. Vyumba vingine vya jengo lile vina nani? Nani anauza maji ya magendo? Yule asiyemeza vidonge vya ndoto anaota nini? Na katuni inaondoa gharama iliyokuwa nzito zaidi. Pumzi ilibidi ipigwe Afrika Kusini. Jangwa la kuchora halihitaji tiketi ya ndege.

Najua jibu litakalokuja: hatuna uwezo. Wachoraji tunao. Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyoonyeshwa na BBC kuanzia 2010, vilitengenezwa hapa Nairobi na Homeboyz. Programu nazo si kisingizio tena. Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda Oscar ya katuni Machi 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo unaipakua leo kwa bando la usiku. Bajeti yake ilikuwa takriban euro milioni 3.5. Hizo si pesa za chai, lakini si pesa za Disney pia.

Lugha? Shujaaz walianza 2010 na hadithi za picha kwa Sheng, wakazisambaza bure, na mwaka 2012 wakachukua Emmy ya kimataifa. Kwa hiyo Asha azungumze kama mtu wa Jericho au Dandora, wa nje watasoma maandishi chini ya picha kama sisi tunavyosoma ya Wakorea. Pumzi yenyewe ina maneno machache, na mengi ni ya kompyuta kwa Kiingereza. Hapo nafasi iko wazi.

Kinachobaki ni mashine, na hapa ndipo nilipokaa na kikokotoo. Kipindi cha dakika 22, fremu 24 kwa sekunde, ni fremu 31,680. Kompyuta lazima ipige hesabu ya mwanga na kivuli kwa kila fremu. Tuseme kompyuta ya kawaida isiyo na kadi nzuri ya michoro inatumia dakika 10 kwa fremu. Mashine moja ingefanya kazi mchana na usiku kwa siku 220. Lakini fremu hazitegemeani, unaweza kuzigawa kama karata. Saiba ya mtaani kwangu ina mashine 10, na kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi zinalala. Saa nane, fremu sita kwa saa, mashine 10: fremu 480 kila usiku, yaani sekunde 20 za katuni. Kipindi kizima, usiku 66.

Msimbo wa kugawa fremu nimeshauandika, ni mfupi, na Blender inakubali kuamriwa bila kufungua dirisha lake. Nilipompelekea mwenye saiba wazo hili alisikiliza vizuri, akacheka kidogo, kisha akauliza umeme atalipa nani. Mashine 10 za wati 200 kwa saa nane ni yuniti 16 kwa usiku. Kwa usiku 66 ni yuniti 1,056. Ameniambia nirudi na jibu la tokeni, na kwamba kama kuna mhusika muuza maji kwenye hiyo katuni, sauti yake ataifanya yeye.